Tanuru la raku la kubebeka: pipa la lita 200, roli moja ya faiba, mtungi wa kilo 15. Vinatosha?

mfinyanzi_moro

Wakuu habari za kazi, na shikamooni kwa waliotangulia.

Nahitaji tanuru la raku (ufinyanzi ambao chombo hutolewa tanuruni kikiwa bado chekundu kwa joto) la kubebeka: lipande nyuma ya pikapu, lishushwe na watu wawili, lifike 1,000 °C bila umeme. Vilivyopo hadi sasa ni pipa la chuma la lita 200 lililokuwa la mafuta ya kula, roli moja ya blanketi la faiba ya kauri (unene 25 mm, upana 610 mm, urefu 7.32 m, limeandikwa 128 kg/m³ na 1260 °C), mtungi wa gesi wa kilo 15 na regyuleta yake ya jikoni, pamoja na bana (kichomeo cha gesi) ya jiko la mgahawa.

Maswali yenyewe:

Faiba safu moja inatosha au nizungushe mbili? Naweza kuishikilia kwa waya wa kufungia nondo? Na je, ndani nipige plasta nyembamba ya saruji ili isichanikechanike?

Mdomo uwe juu kama kifuniko cha sufuria, au pipa zima linyanyuliwe?

Bana ya mgahawa itafikisha joto hilo? Na mtungi wa kilo 15 utatoa michomo mingapi kwa siku?

Natanguliza shukrani.

---

kigae_cha_kale

Karibu jamvini. Nitajibu ya pipa na faiba, ya gesi nawaachia wenyewe.

Pipa la mafuta ya kula ni sahihi. La petroli, tina ya rangi au gundi usiliguse na grainda hata likikaa wazi mwaka mzima, maana mvuke hujificha kwenye mikunjo ya kingo na cheche moja inatosha. Hata hilo lako, lioshe kwa sabuni na maji ya moto, fungua vizibo vyote viwili, kisha lijaze maji hadi sm 10 chini ya mstari wa kukata. Maji yanapunguza nafasi ya mvuke, na jiwe la grainda haliyafikii.

Kata sm 65 kutoka upande wa mfuniko. Hesabu ni hii: sm 5 ni diski mbili za faiba za dari, sm 61 ni upana wa roli kama ilivyo, na sentimita moja ya faiba itatokeza chini ya ukingo wa chuma. Hiyo sentimita ndiyo muhuri wako dhidi ya sakafu, usiikate kwa kupenda unadhifu. Kipande cha chini kinachobaki, kama sm 22, usitupe. Kitafaa kwenye kufukiza, yaani kuvipa vyombo moshi vikishatoka.

Safu mbili. Moja itafika 1,000 °C, lakini ngozi ya pipa itaungua rangi yote, mikono ya wanaonyanyua itateseka na gesi italiwa zaidi. Isitoshe roli yako inatosha. Mzunguko wa ndani wa pipa ni karibu sm 180, kwa hiyo safu ya kwanza kata sm 182. Mzunguko wa safu ya pili ni sm 164, kata 166. Zile sm 2 za ziada zinafanya maungio yabanane, kwa sababu faiba husinyaa kidogo michomo ya mwanzo na ungio lililokatwa kamili hufunguka mwanya. Maungio ya safu mbili yasikutane sehemu moja. Yawe pande zinazotazamana. Diski mbili za sm 57 zitakula kama sm 120. Unabaki na zaidi ya mita 2.5 za viraka. Weka diski za dari kwanza, ukuta uje uzisukume juu.

Waya wa kufungia nondo hapana. Chuma cha kawaida kwenye 1,000 °C kinageuka magamba baada ya michomo michache, na siku unaponyanyua, dari inaangukia vyombo vyenye glezi (mpako unaoyeyuka kuwa kama kioo) mbichi. Tumia waya wa nikromu wa mm 1.6 hadi 2 na vifungo vya kauri: viduara vya upana wa sm 5, unene wa mm 8, matundu mawili katikati kama kifungo cha koti, vilivyochomwa angalau 1,150 °C. Waya unapita kwenye matundu, unatoboa faiba na ukuta wa pipa, unasokotwa nje. Ukutani weka mistari miwili ya vifungo 7, darini vitano, jumla 19. Tengeneza 24 kwa sababu vingine vitapasuka. Kila kifungo kinakula kama sm 30 za waya, kwa hiyo nunua mita 7. Usikaze mpaka kifungo kizame. Faiba iliyobanwa haihifadhi joto vizuri, na mahali hapo utaona doa la rangi iliyoungua kwa nje.

Plasta ya saruji sahau. Saruji ya kawaida inaanza kupoteza nguvu kuanzia karibu 500 °C. Itapasuka, itabanduka na faiba, na tanuru litakuwa zito bure. Ukitaka kuimarisha uso, nyunyizia silika ya koloidi kwa bomba la kupulizia dawa, safu nyepesi, kausha, choma. Wengine wanapaka sodiamu silikati kwa sababu ni rahisi kupatikana: inaiyeyushia faiba mapema na ganda linabanduka vipandevipande.

Sasa la afya, na hapa sitanii. Faiba hii IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka kundi 2B, yaani huenda ikasababisha saratani. Kata kwa kisu kikali, nje, barakoa ya daraja la FFP3 (ya kitambaa haisaidii kitu), glovu, mikono mirefu, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Ikishachomwa mara nyingi, sehemu yake inageuka kristobaliti, ambayo ni silika ya fuwele, mbaya zaidi kwa mapafu. Kwa hiyo faiba kuukuu ilowanishwe kabla ya kung'olewa. Kama bado hujafungua roli na duka linakubali kubadilisha, ulizia aina ya AES, inayoyeyuka mwilini haraka zaidi. Ya 1200 °C inatosha kabisa kwa raku.

Kuhusu mdomo: nyanyua pipa zima. Ukihesabu chuma kama kilo 13, faiba kilo 8.4, vifungo na mikono, unapata kilo 24 au 25, watu wawili hawatoi jasho. Chomelea mikono miwili inayotoka nje sm 40 kila upande, na mwishoni vaa mipini ya mti. Katikati ya dari toboa tundu la moshi la sm 11. Chini ukingoni kata mdomo wa bana, upana sm 9 na urefu sm 9, wazi kwa chini, ili pipa liinuke bila kuigusa bana. Bana isimame kwenye stendi yake.

Sakafu: matofali mepesi ya moto 15 au 16, yamelazwa kwenye fremu ya chuma cha pembe yenye sm 60 kwa 60. Ukitumia matofali mazito ya moto, sakafu peke yake inakaribia kilo 50 na pikapu itakulaumu. Fremu iwe na miguu. Tanuru likikaa moja kwa moja juu ya zege, unyevu uliomo unageuka mvuke na zege linaruka vipande kwa mshindo.

Rafu ya duara ya sm 38, si zaidi, juu ya viguzo vitatu vya sm 12. Ndani utabaki na upana wa sm 47, kwa hiyo moto unapata njia ya sm 4.5 kuzunguka rafu. Wanaoweka rafu ya sm 43 ili vyombo vienee ndio haohao wanaolalamika kwamba chini kunayeyuka na juu kubichi.

---

mwanga_wa_bluu

Kigae kamaliza ya pipa. Niseme wazi tu kwamba tanuru nyingi za namna hii hazishindwi na faiba. Zinashindwa na gesi, na swali lako limeipa gesi mistari miwili ya mwisho.

Anza na hesabu. Chumba chako ni kama lita 105. Ili kifike 1,000 °C ndani ya saa moja unahitaji moto wa kilowati 20 hadi 25, kwa sababu karibu nusu ya joto inatoka juu pamoja na moshi, kinachobaki kinagawanywa kati ya vyombo, rafu na kinachovuja ukutani. Kilo moja ya gesi ina takriban kilowati-saa 12.8. Kwa hiyo bana inatakiwa kula kilo 1.6 hadi 1.9 kwa saa ikiwa wazi kabisa.

Regyuleta ya jikoni inatoa milibaa 30 hivi. Kwa mgandamizo huo, tipu (kitundu cha kutolea gesi) ya mm 1.2 inapitisha gesi ya kilowati 5 tu. Hapo unaweza kuongeza faiba safu ya tatu na ya nne, tanuru litakwama mahali fulani huku mtungi unaisha. Unahitaji regyuleta ya mgandamizo mkubwa inayorekebishika, baa 0 hadi 2, yenye geji. Hakikisha inaingiana na kichwa cha mtungi wako bila adapta za kubahatisha, na mpira uwe wa gesi ya mgandamizo mkubwa, umefungwa kwa klipu za skrubu. Mpira wa bustani au wa kompresa ya hewa gesi inaulainisha mpaka unapasuka.

Bana ya mgahawa iache mgahawani. Imetengenezwa kutawanya moto chini ya sufuria. Ukiiweka mbele ya mdomo wa tanuru inapata joto linalorudi na kichwa chake kinapinda. Tengeneza hii:

Bomba la chuma la inchi moja na nusu, urefu sm 30, lisilo na mabati ya zinki. Nyuma yake rediusa ya inchi 2½ kwenda 1½, ambayo ndiyo mdomo wa kuvutia hewa. Katikati ya rediusa, kwenye kipande cha chuma bapa kilichochomelewa kukatiza, simamisha bomba dogo la robo inchi lenye tipu. Tipu nzuri ni ya mashine ya kuchomea ya MIG: ile ya waya wa 1.0 tundu lake huwa pana kidogo kuliko waya, kama mm 1.1 au 1.2. Tipu itazame katikati kabisa ya bomba. Ikipotoka hata nyuzi chache, moto unalamba upande mmoja na hewa haivutwi. Bomba dogo liweze kusogezwa mbele na nyuma: anza na ncha ya tipu ikiwa sm 4 nyuma ya mahali bomba kubwa linapoanza, kisha sogeza huku unatazama moto. Mbele kwenye ncha, vaa kipande cha bomba kipana kidogo cha urefu wa sm 5, ili moto upate pa kushikilia.

Baada ya regyuleta weka vali ya robo mzunguko ya kufunga kwa dharura, kisha vali ya sindano ya kurekebishia. Nyuzi zote zifungwe kwa tepu ya gesi na kupimwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Moto mzuri una koni ya bluu yenye ncha kali na sauti ya mngurumo wa sawa. Njano ndefu yenye masizi maana yake hewa haitoshi: rudisha tipu nyuma. Moto ukiruka na kuacha ncha ya bana, mgandamizo umezidi au hewa ni nyingi mno. Moto ukirudi ndani ya bomba na kupiga kelele kama filimbi, mgandamizo uko chini mno. Zima papo hapo, subiri bomba lipoe, washa upya kwa mgandamizo wa juu kidogo. Propani inahitaji ujazo 24 wa hewa kwa mmoja wa gesi, butani inahitaji 31, na bana ya kuvuta haiwezi kuleta hewa yote hiyo peke yake. Ndiyo maana ncha yake isiingizwe ndani ya tanuru. Iache sm 2 au 3 nje ya mdomo, hewa nyingine ivutwe pembeni. Ilenge kwa kona, moto upite chini ya rafu na kuzunguka ukuta, usigonge kiguzo.

Sasa mtungi. Gesi imo ndani kama kimiminika, na ili igeuke hewa inavuta joto kutoka kwenye chuma cha mtungi. Ukiivuta kwa kilo 1.7 kwa saa, mtungi wa kilo 15 ukiwa umejaa unajitahidi. Ukifika nusu, eneo la chuma linaloguswa na kimiminika limepungua, mtungi unatoa jasho, unaganda barafu, na geji inashuka. Gesi yetu ya majumbani ina butani nyingi, nayo haipendi baridi: inachemka kwenye -0.5 °C, propani kwenye -42 °C. Mtungi ukipoa hadi 5 °C, butani haina tena msukumo wa kuisukuma bana. Hapo ndipo watu husema gesi imeisha, wakautikisa mtungi na kusikia bado imo. Imo, ila haiwezi kutoka.

Suluhisho ni mitungi miwili ya kilo 15 iliyounganishwa kwa kiungo cha T chenye vali za kuzuia kurudi, au mmoja wa kilo 38. Ukilazimika kutumia mmoja, usimamishe kwenye beseni la maji ya kawaida yanayofika theluthi ya kimo chake, na uyabadilishe yakipoa. Usiulaze, kimiminika kitaingia kwenye mpira. Usiupashe moto. Naandika hili kwa sababu kuna wanaofanya.

Matumizi: mchomo wa kwanza, tanuru likiwa baridi, saa nzima na kilo 1.5 hivi. Unaofuata dakika 25 hadi 30, chini ya kilo moja. Siku ya michomo sita inakula kama kilo 5.

---

mfinyanzi_moro

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichoomba. Mawili yameniganda. Kwanza, kuna anayeniuzia matofali ya daiatomaiti (mwamba mwepesi wenye vinyweleo) ya Kariandusi, Kenya, kwa bei nafuu, mepesi kama mkate. Nijengee sakafu? Pili, nikishawasha, najuaje kwamba glezi imeiva bila pairomita (kipima joto la tanuru)?

---

jikoni_limuru

Mambo, nachangia nikiwa upande wa Kenya.

Daiatomaiti inahifadhi joto vizuri sana lakini uso wake usipelekwe zaidi ya 900 °C hivi. Sakafu ya raku inapigwa moto moja kwa moja, itasinyaa na kuwa unga. Iweke kama safu ya chini, juu yake matofali mepesi ya moto. Vivyo hivyo vemikulaiti: nyuma, sio mbele.

Ongezeko moja kwa Mwanga. Kipimo cha tipu alichotoa ni cha pwani na Morogoro. Nairobi, Limuru, Arusha, Iringa, hewa ni nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na pumzi moja ya hewa ya huku ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko Mombasa. Bana ileile iliyowaka bluu Tanga itatoa ndimi za njano huku juu. Usipandishe gesi ukidhani haina nguvu, utazidisha ugonjwa. Shuka tipu hadi mm 1.0, au rudisha tipu nyuma zaidi na ufungue tundu la moshi lote. Mchomo utachukua dakika 10 au 15 zaidi, ukubali tu.

Kuhusu kuiva. Themokapo (kijiti cha kupimia joto) ya aina K yenye ala nene, mm 6 au 8, ni pesa nzuri, ila iingie sm 5 ndani ya chumba na isikae kwenye njia ya moto, la sivyo inasoma moto badala ya vyombo. Toboa tundu lake kwenye kimo cha katikati ya vyombo. Nyembamba kama spoku ya baiskeli hukatika mapema.

Lakini pairomita inakuambia joto la hewa, sio hali ya glezi. Toboa tundu la kuchungulia la sm 3, liwe na kizibo cha faiba, na utazame kwa miwani ya kuchomelea gesi. Glezi inapitia hatua: kwanza inakauka na kuwa kama chokaa, halafu inasinyaa na kuonyesha nyufa, halafu inachemka kama uji, viputo vidogo vidogo kila mahali. Wengi wanatoa hapo kwa sababu inang'aa. Mapema. Subiri viputo vitulie na uso uwe laini kama maji, uone taswira ya mdomo wa bana ndani yake. Kwa glezi nyingi za raku hiyo ni kati ya 950 na 1,000 °C. Ongeza dakika tano ukiwa umeshusha gesi kidogo ili joto la juu na chini lilingane.

Glezi ya kuanzia: friti ya alkali (kioo kilichosagwa) 85 hadi 90, kaolini (udongo mweupe) 10 hadi 15. Kaolini ya Pugu inafaa. Inatoa nyeupe ya uwazi yenye nyufa. Ongeza kopa kaboneti 3 kwa mia upate kijani, au rangi ya shaba ukiifukiza. Ikauke kabisa kabla ya kuingia. Panga vyombo juu ya tanuru la mchomo uliotangulia, mbali kidogo na tundu la moshi.

Kasi: hadi 200 °C nenda polepole, dakika 15. Kati ya 500 na 600 °C pia usikurupuke kwa sababu kwazi (madini ya silika yaliyomo kwenye udongo) inabadilika umbo kwenye 573 °C na kuvimba kwa ghafla. Baada ya hapo achilia.

Na hapo kwa kunyanyua pipa zima, natofautiana kidogo na Kigae. Ukilinyanyua, vyombo vyote vinapigwa na upepo kwa wakati mmoja. Kama mna koleo moja na vyombo saba, cha saba kinafika kwenye maranda kikiwa kimepoa, glezi imeganda, hakishiki rangi. Tanuru la kifuniko linakuruhusu kutoa kimoja kimoja na kufunika. Ubaya wake ni kwamba unainama juu ya tanuru la 1,000 °C na koleo la mita moja.

---

kigae_cha_kale

Hoja ya Limuru ni ya haki, jibu langu ni idadi: vyombo vitatu au vinne kwa mchomo, koleo mbili. Kila chombo kiwe na debe lake lililokwisha andaliwa. Cha muhimu ni watu kusimama mahali pao, sio kukimbia na chombo chekundu.

Tena si raku yote inahitaji haraka hiyo. Kule Kyoto, Japani, ambako ukoo wa Raku unafinyanga bakuli za chai tangu mfinyanzi Chōjirō wa karne ya 16, bakuli jeusi huchomolewa kwa koleo likiwa jekundu na kuachwa lipoe hewani. Maranda na moshi ni mambo ya mfinyanzi Paul Soldner kule California, miaka ya 1960. Ukitaka njia ya Kyoto, bakuli moja moja, kifuniko kinashinda. Ukitaka moshi na rangi za shaba, nyanyua pipa.

Kabla ya kunyanyua, gesi ifungwe. Wote wawili wahesabu pamoja, pipa lipande wima sm 70, kisha liende upande upepo unakoelekea na kutua juu ya matofali matatu. Likitua juu ya nyasi, nyasi zitawaka.

---

maranda_na_moshi

Naongeza ya kufukiza, maana hapo ndipo vyombo vingi vinapasuka na lawama zinarudi kwa tanuru.

Debe la chuma la lita 20, moja kwa kila chombo. Chini maranda makavu ya unene wa sm 5 hadi 8. Unga laini wa mbao unatoa moshi mzito na weusi mkali. Maranda makubwa yanawaka moto zaidi na kutoa rangi nyingi. Pumba za mpunga zinafanya kazi lakini hujichora kwenye glezi, kila punje alama yake. Wengine wanazipenda. Makumbi ya nazi yanawaka kwa shida, yachanganye na majani makavu ya mgomba.

Glezi ya nyufa: chombo kikitoka, kiache hewani sekunde 10 hadi 30, utasikia kinalia ting, ting. Hizo ni nyufa zinafunguka, na moshi utaingia humo. Glezi ya kopa: kinyume chake, kiwe ndani ya debe chini ya sekunde tano, rusha konzi ya maranda juu, acha uwake kidogo, funika. Kingo za kifuniko zizibwe kwa mchanga mbichi. Usifunue kabla ya dakika 20. Ukichungulia kwenye dakika ya tano, hewa inaingia, ile shaba inageuka kijani au nyekundu iliyopauka. Ukifunua, rudisha uso nyuma, kwa sababu gesi iliyojifungia huwaka ghafla ikikutana na hewa.

Udongo: wa chungu wa kawaida uliochujwa sana utapasuka. Changanya vigae vilivyopondwa, vilivyopita kwenye chekecheke ya mm 1 hadi 2, asilimia 20 hadi 30. Wafinyanzi wetu wa asili tayari wanafanya hivi kwa chungu cha kuni, kwa sababu ileile: kigae kinaipa nyufa mahali pa kusimama. Mchomo wa kwanza wa chombo, kabla ya glezi, usizidi 1,000 °C. Ukiziba vinyweleo vyote, chombo hakitahimili mshtuko. Kuta ziwe za unene mmoja, mm 6 hadi 8, kitako kisiwe kinene kuliko ukuta. Ufa wa duara kitakoni karibu kila mara ni kosa la kitako, sio la moto.

Na muwaambie wateja: ni pambo. Udongo wa raku unavuja na glezi yake ni laini, si chombo cha chakula wala maji ya kunywa. Vile vya kopa hufifia taratibu kwenye jua na unyevu.

---

mwanga_wa_bluu

Nilisahau ya kuwasha, na ni ya muhimu kuliko tipu.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa na kujaa kwenye mashimo. Tanuru lisikae kwenye bonde, karibu na karo la maji machafu au ndani ya banda. Mitungi iwe mita 3 au zaidi kutoka kwenye tanuru, upande upepo unakotoka.

Tundu la moshi wazi, kijinga kirefu chenye moto kiwekwe mdomoni kwanza, gesi ifunguliwe baadaye. Kamwe sio gesi kwanza. Usisimame juu ya tundu la moshi wala mbele ya mdomo wa bana. Anza na baa 0.1 au 0.2, ukisikia mngurumo umetulia panda taratibu; kufikia dakika ya 20 unaweza kuwa baa 0.5, mwisho 0.8 hadi 1.

Mpaka kuta za ndani ziwe nyekundu kabisa, kama 750 °C, mtu mmoja asiondoke kwenye bana. Ikizimika chini ya hapo, gesi haijiwashi yenyewe, inajaa ndani. Funga vali ya robo mzunguko, nyanyua pipa, hesabu dakika tano, ndipo uwashe upya. Kuna vali za usalama zenye themokapo ndogo zinazofunga gesi moto ukizimika. Kwenye majiko ya gesi zimo, na zile za mgandamizo mkubwa zinapatikana. Ukiweza kuipata, iweke. Bado mtu akae pale.

Likikwama kwenye 800 °C na geji inasoma sawa, usiguse gesi. Telezesha kipande cha rafu juu ya tundu la moshi, funika robo yake, subiri dakika tatu. Unatafuta ulimi wa moto wa sm 5 hadi 10 unaochungulia juu. Hakuna ulimi kabisa: hewa baridi ni nyingi, inapoza chumba, funika zaidi. Ulimi wa nusu mita wa njano: gesi inaungulia nje ya tanuru, fungua tundu au punguza gesi. Mara nyingi joto linapanda kwa kupunguza.

Nguo za pamba, glovu ndefu za ngozi za fundi wa kuchomea, viatu vilivyofungwa. Leso, shali na nguo za nailoni zisisogee.

---

mfinyanzi_moro

Nimeelewa, ahsanteni. Regyuleta ya baa 2, mtungi wa pili, tipu ya 1.2, faiba safu mbili. Moja la mwisho: bomba la inchi 1½ lililopo mtaani ni la mabati ya zinki. Nikilichoma kwanza ili zinki itoke?

---

kigae_cha_kale

Hapana. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa, kutetemeka na kifua kubana jioni ileile. Ulizia bomba jeusi, au mpelekee fundi bomba la fremu za madirisha ambalo halijapakwa. Ukikosa kabisa, liloweke kwenye siki au asidi hafifu, nje ya nyumba, mpaka viputo viishe, lisugue, liwe jeusi lote, ndipo ulichomelee. Na madebe ya kufukizia vilevile, yasiwe ya mabati mapya.